Wanafunzi wanaoandika lebo kabla ya kutoa damu

Mwalimu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wanaoandika majina ya wagonjwa kwenye tyubu zote za damu asubuhi, ndipo wanazunguka wodini. Wakataze kabisa. Mshipa ukikosekana, tyubu yenye jina hubaki kwenye trei, na ni rahisi mno kuitia damu ya mgonjwa anayefuata. Lebo iandikwe baada ya kutoa damu, palepale kitandani, kabla mwanafunzi hajaondoka.

Namna ya kuuliza nayo ifundishwe. "Wewe ni Asha?" haifai: mwenye homa kali au asiyesikia vizuri ataitikia tu. Mwanafunzi aseme, "Nitajie majina yako matatu. Ulizaliwa lini?" halafu alinganishe na fomu ya maabara na namba ya faili. Namba ya kitanda si utambulisho, wagonjwa huhamishwa. Fanyeni zoezi: wanafunzi wawili waigize wagonjwa wenye majina yaleyale matatu, tarehe za kuzaliwa tofauti, mmoja akiitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Hapo wataelewa haraka kuliko kwa mhadhara.

Kwenye kuchoma sindano, mpira wa kufunga mkono usizidi dakika 1, spiriti ya asilimia 70 iachwe ikauke, mkono wenye dripu uepukwe. Tyubu ya kifuniko chekundu ijazwe kabla ya ile ya zambarau: EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda iliyo ndani ya zambarau, ikiingia kwenye nyekundu, potasiamu huonekana imepanda na kalsiamu imeshuka, wakati mgonjwa hana tatizo hilo. Zambarau igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Ikitikiswa, chembe nyekundu za damu hupasuka. Sindano isifunikwe tena, iende moja kwa moja kwenye sanduku la usalama.