Harufu ya kiberiti katika wiski ya mapipa ya sheri

Ndugu, umeuliza kama harufu ya kiberiti uliyoikuta nyuma ya ladha ya zabibu kavu ni dalili kwamba wiski yako, iliyokomazwa katika mapipa yaliyowahi kuwa na sheri (mvinyo wa Hispania ulioongezwa pombe kali), imeharibika. Haijaharibika. Mara nyingi harufu hiyo hutokana na salfa inayochomwa ndani ya pipa tupu ili kuzuia vijidudu kabla halijasafirishwa kutoka Hispania, na mabaki yake huingia katika wiski. Iache glasi itulie kwa dakika 15 hivi, kisha ongeza matone machache ya maji. Pipa la oloroso, yaani sheri kavu, kwa kawaida hudhihirisha ladha ya jozi na viungo, ilhali la Pedro Ximénez, sheri tamu sana, huelekea utamu mzito wa tini. Mimi huivumilia salfa kidogo, ingawa wapo wasioistahimili hata chembe.