Mchungwa Ulishwe Kabla Haujachipua

Juzi msomaji wa Muheza kanitumia picha ya jani la mchungwa: changa, dogo, jembamba, lina njano katikati ya mishipa. Anauliza anunue mifuko mingapi ya urea, ile mbolea ya naitrojeni. Ndugu yangu, hiyo pesa usiitoe bado.

Nina michungwa ya aina ya Valensia ambayo mnunuzi mmoja aliikataa matunda yakiwa mtini. Alipasua chungwa mbele ya wanangu, akalitupa chini, akasema fyekeni hapa mpande mihogo. Maneno yale hayajanitoka hadi leo. Msimu uliopita shamba lile lile limejaza fuso, na yeye akaja kuomba mzigo. Nikamuuzia mwingine.

Siri ni kuwahi. Masika yakianza, mchungwa hutoa majani mapya na maua kwa mkupuo, na chakula cha kuanzia hukitoa kwenye akiba: hunyonya naitrojeni ya majani ya zamani. Ndiyo maana njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani yaliyokomaa, jani zima likawa njano. Ukingoja maua yapukutike ndipo ukimbilie duka la pembejeo, msimu umekwenda. Samadi iliyooza iwe ardhini kabla ya mvua. Urea au CAN, nayo mbolea ya naitrojeni, ifuate udongo ukishalowa, na sehemu nyingine ibaki kwa ajili ya vitunda vikishashika.

Zinki, kirutubisho kingine cha mti, haihami kirahisi hivyo kutoka majani ya zamani. Ikipungua, jani changa ndilo huzaliwa na shida, dogo na jembamba kama la kwenye ile picha. Hapo hata umwage gunia zima la urea, jani halitanyooka. Nunua zinki ya kupuliza, pulizia majani mapya yakikaribia ukubwa wake lakini bado laini, asubuhi kabla jua halijawa kali. Upungufu wa chuma nao huonekana kwenye majani machanga, ila ukubwa wa jani haupungui sana. Mishipa hubaki kijani, kwingine kote njano.

Jamani, tujifunze kusoma majani kabla ya kufungua pochi! Na tuache kurundika mbolea shinani. Mizizi inayokula iko mbali na shina, kuelekea ukingo wa matawi. Chimba pale kijifereji cha kina kifupi kuuzunguka mti, mwaga urea humo, kisha ifukie siku hiyo hiyo, maana ikiachwa juu nyingi hupotelea hewani.