Nyota akituhumiwa kubaka: majibu ya maswali yenu

Katika safu iliyopita niliandika kwamba klabu kubwa za soka hazina msimamo mmoja mchezaji wao anapotuhumiwa ubakaji au udhalilishaji wa kingono, na kwamba anayeshtakiwa akae nje ya uwanja hadi kesi iishe. Maswali yamekuja mengi, mengine ya hasira. Nimechagua haya.

Mchezaji hajahukumiwa, kwa nini unataka akae nje? Mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. (Msomaji, Morogoro)

Kanuni hiyo naiheshimu, ndugu yangu, na sitaki iguswe. Inamlinda mtu dhidi ya dola, asifungwe kabla ushahidi haujapimwa. Lakini haimpi mtu haki ya namba katika kikosi cha Jumamosi. Mwalimu akishtakiwa kumdhalilisha mwanafunzi, anatolewa darasani wakati kesi inaendelea, na hakuna anayedai kwamba ameshahukumiwa.

Ligi ya raga ya Australia, NRL, ililiona hili. Tangu 2019, mchezaji akishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 11 au zaidi, hachezi mechi hadi kesi iishe. Mshahara wake unaendelea, na ligi inasema wazi kwamba haijamtia hatiani. Awe nyota au chipukizi, kanuni ni hiyo hiyo.

Ligi Kuu ya Uingereza haina kanuni ya namna hiyo. FA, chama cha soka cha huko, ina uwezo wa kumzuia mtu, ila haimzuii kila anayeshtakiwa, kwa hiyo mara nyingi klabu ndiyo inayoamua. Ugomvi wangu uko hapo. Ukisubiri mpaka ujue jina la mtuhumiwa ndipo uamue, hutaacha kuangalia amefunga mabao mangapi, ana umri gani na mkataba wake umebakiza miaka mingapi.

Manchester United walimchunguza Greenwood wenyewe kwa miezi sita. Mnataka nini zaidi? (Msomaji, Nakuru)

Nataka achunguzwe na mtu asiye na hisa katika matokeo. Tukumbushane ilivyokuwa. Mason Greenwood, mshambuliaji wa United, alikamatwa Januari 2022, na Oktoba mwaka huo akashtakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa kujaribu kubaka. Alikana. Februari 2023 waendesha mashtaka wakaifuta kesi, wakisema mashahidi muhimu wamejitoa na kuna taarifa mpya zilizojitokeza. Kwa hiyo mbele ya sheria hana hatia, na ninaandika hivyo bila kuuma maneno.

Klabu ikaanza uchunguzi wake. Agosti 2023 ikatangaza kwamba imejiridhisha kuwa hakutenda makosa aliyoshtakiwa, na papo hapo ikasema ataondoka. Akaenda Getafe kwa mkopo, na mwaka 2024 akauzwa Marseille kwa mamilioni ya pauni. Soma tena mfuatano huo. Klabu haina uwezo wa kumlazimisha shahidi aseme wala wa kupekua simu ya mtu, na mtuhumiwa mwenyewe ni mali yake sokoni. Hata kama kila aliyehusika alifanya kazi kwa uaminifu, tutajuaje?

Na wapo waliojua wakanyamaza. Adam Johnson wa Sunderland alikamatwa Machi 2015 kwa makosa ya kingono dhidi ya binti wa miaka 15. Klabu ilimsimamisha kwa muda mfupi, kisha ikamrudisha uwanjani. Mei mwaka huo mtendaji mkuu wa klabu, Margaret Byrne, alishapata maandishi ya mahojiano ya polisi ambamo Johnson alikubali kwamba alimbusu binti huyo. Johnson akaendelea kuchezeshwa. Timu ilikuwa inapigana isishuke daraja, na yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza nafasi. Februari 2016 alikiri sehemu ya mashtaka mahakamani, ndipo klabu ikavunja mkataba. Alifungwa miaka sita, na Byrne akajiuzulu. Binti yule alikuwa shabiki wa Sunderland, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kesi ile.

Kwa nini hatukuambiwa habari za Partey mapema? (Msomaji shabiki wa Arsenal, Mombasa)

Polisi wa London walianza uchunguzi Februari 2022. Thomas Partey alishtakiwa kwa ubakaji Julai 4, 2025, siku chache baada ya mkataba wake na Arsenal kumalizika. Anakana mashtaka yote, na Villarreal ya Hispania ilimsajili Agosti mwaka huo.

Vyombo vya habari vya Uingereza havikumtaja kwa sababu mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu anayechunguzwa, kabla hajashtakiwa, kwa kawaida ana haki ya kutarajia faragha. Uamuzi huo naona una busara, maana wengi huchunguzwa na kesi haifiki popote. Lakini una matokeo yake: katika miaka hiyo ya uchunguzi, wewe shabiki huna la kuuliza na mdhamini hana la kuhoji. Kila kitu kinabaki ndani ya ofisi za klabu. Kwa hiyo utaratibu ulioandikwa mapema unahitajika zaidi.

Akisimamishwa halafu akashinda kesi, nani anamlipa? (Msomaji, Mwanza)

Swali la haki kabisa. Benjamin Mendy, beki wa Manchester City, alishtakiwa kwa ubakaji Agosti 2021, na mwezi uliofuata klabu ikasitisha mshahara wake. Mwaka 2023, katika kesi mbili, jopo la mahakama lilimwona hana hatia. Akadai zaidi ya pauni milioni 11, na Novemba 2024 mahakama ya kazi ikaamua kwamba anastahili kulipwa sehemu kubwa ya fedha hizo. Ni sawa alipwe. Msimamishe mtu, lakini usimkatie riziki kabla ya hukumu.

Robinho alihukumiwa Italia, mbona aliishi huru Brazil? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sababu katiba ya Brazil inakataza kumpeleka raia mzaliwa nchi nyingine akahukumiwe au akafungwe huko. Mahakama ya Milan ilimhukumu miaka tisa mwaka 2017 kwa kumbaka mwanamke, yeye na wenzake, mwaka 2013, alipokuwa mchezaji wa AC Milan. Rufaa ya mwisho ilikataliwa Januari 2022.

Lakini tazama Oktoba 2020. Miaka mitatu imepita tangu hukumu ya kwanza, kila mtu anaijua, na klabu ya Santos ya Brazil inamrudisha nyumbani kwa shangwe. Kisha waandishi wa Brazil wakachapisha maneno yaliyonaswa na polisi wa Italia, Robinho akicheka na kusema mwanamke yule alikuwa amelewa, hajui hata lililotokea. Wadhamini wakatishia kuondoka, mmoja akaondoka. Ndani ya siku chache klabu ikasimamisha mkataba. Hukumu ya majaji haikuizuia Santos kumsajili. Fedha za wadhamini ziliizuia. Machi 2024 mahakama ya Brazil iliamua atumikie kifungo hicho nchini mwake, na akapelekwa gerezani mwezi huo huo.

Wanawake wengine wanatafuta pesa. Kesi ya Dani Alves imeonyesha hivyo. (Msomaji, Tabora)

Haijaonyesha hivyo, kaka. Alves, mchezaji wa zamani wa Brazil, alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu kwa ubakaji Februari 2024, na Machi 2025 mahakama ya juu ya Catalonia, jimbo la Hispania, ikaifuta hukumu kwa kuwa ushahidi haukutosha. Majaji hao hao walisema kwamba hilo halina maana kuwa maelezo ya upande wa utetezi ndiyo ya kweli. Kushindwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba mlalamikaji amesema uongo ni jambo jingine. Uongo upo, sikatai. Lakini ukitumia kila kesi iliyoanguka kuwaziba wanawake midomo, unamkingia mtu usiyemjua.

Angalia pia gharama ya kulalamika. Mchezaji wa Wales, Ched Evans, alipopatikana na hatia ya kubaka mwaka 2012, watu tisa waliadhibiwa na mahakama kwa kumtaja mlalamikaji mtandaoni, kinyume cha sheria. Hukumu ya Evans ilifutwa baadaye, na mwaka 2016 akaachiwa huru katika kesi ya marudio. Mwanamke yule, ambaye hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa lolote, alilazimika kuhama na kubadili jina. Hayo hayakustahili kumpata mtu yeyote.

Mimi shabiki wa kawaida nina uwezo gani? (Msomaji, Bujumbura)

Januari 2022 Raith Rovers ya Uskoti ilimsajili David Goodwillie, mchezaji ambaye mwaka 2017 jaji wa kesi ya madai, si ya jinai, aliamua kwamba alibaka. Nahodha wa timu yao ya wanawake akaacha kucheza, mdhamini mkubwa akajitoa, mashabiki wakaandika. Klabu ikakiri ilikosea na ikasema hatachezeshwa. Zile zilikuwa siku chache tu.

Ukiandika, usiandikie ukurasa wa mchezaji, na kamwe usimwandikie mlalamikaji. Iandikie klabu uulize: mna kanuni gani, iko wapi, nani anaisimamia? Nakala itume kwa mdhamini, yule ambaye jina lake limechapwa kifuani mwa jezi uliyonunua.