Mlipuko ukikukuta ugenini: kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda nje

Kabla ya safari mtaambiwa mengi kuhusu viza, ada, bima na uzito wa mizigo. Afya ya akili hutajwa mwishoni kabisa, harakaharaka, halafu watu wanaagana. Mimi nilikuwa mwanafunzi ugenini mwaka 2020, na baadaye nikawa miongoni mwa wanafunzi wa zamani wanaowapokea wageni chuoni. Naandika kwa ajili ya yule wa mwaka wa kwanza ambaye huenda siku moja akakutwa na mlipuko mwingine akiwa mbali na kwao.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba UVIKO-19 sasa ni janga la dunia, vyuo vingi vilikuwa vinafunga madarasa. Wenzetu wazawa walifungasha wakaenda makwao. Sisi tukabaki mabwenini. Watu hudhani kilichotutesa ni hofu ya kuugua, na kweli hofu ilikuwepo, lakini kwa niliyoyaona, kilichowachosha wengi ni kuning'inia: kurudi huwezi, kukaa hujui kama utaruhusiwa, na kila unayemuuliza anasema subiri.

Chukua mfano wa waliokuwa Marekani. Tarehe 6 Julai 2020 serikali ilitangaza kuwa mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yako mtandaoni hataruhusiwa kubaki nchini. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani, na tarehe 14 mwezi huohuo agizo likafutwa. Ilikuwa wiki moja na siku moja tu, lakini kwa mtu aliyekuwa na mkataba wa chumba na tiketi asiyoweza kuipata, usingizi ulikuwa umeshapotea. Australia nayo ilifunga mipaka Machi 2020, na wengi wa waliokuwa nje wakasubiri hadi 15 Desemba 2021 ndipo mlango ukafunguliwa kwa wanafunzi waliochanjwa. Wapo waliosoma muhula baada ya muhula kwa kompyuta, usiku wa manane, kwa saa za nchi ambayo hawakuruhusiwa kuingia.

Katika hali hiyo akili huzunguka swali moja mchana kutwa. Kilichotusaidia ni kuandika maswali yote ya viza, bima na makazi kwenye karatasi, kuyapeleka kwa barua pepe ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na kuyahifadhi majibu. Jibu la maandishi, hata likiwa "bado hatujaamua", linatuliza kuliko uvumi wa kundi la WhatsApp saa saba usiku. Habari za ugonjwa zisome mara moja au mbili kwa siku, kwa saa ulizojipangia, kutoka vyanzo rasmi. Huo ndio ushauri ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mapema 2020, na ulitufaa sana.

Sasa niseme kuhusu simu za nyumbani, maana hapa ndipo nilipoona maumivu makubwa zaidi.

Jirani yangu wa bweni alikuwa anapigiwa simu ya video na wazazi wake kila jioni. Kabla ya simu alivaa shati safi, akakaa upande wenye taa, akatandika nusu ya kitanda, ile inayoonekana kwenye kamera. Nguo na vyombo vichafu vilisogezwa nusu ya pili. Alicheka, akauliza habari za kila mtu, akaaga. Simu ikikatika alijilaza kwenye ile nusu iliyotandikwa na hakuinuka hadi kesho yake jioni. Wazazi wake wangeapa kwamba mtoto wao yuko vizuri.

Na nyumbani nako walificha. Mgonjwa hakutajwa ili mwanafunzi asivurugike na mitihani. Kuna waliopata habari ya msiba baada ya maziko, na waliozika kwa kutazama skrini ya simu wakiwa peke yao chumbani. Kila upande ulimlinda mwenzake, na kila upande ukabaki peke yake.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, chagua mtu mmoja nyumbani mwekeane ahadi: mimi nitakwambia ukweli wa hali yangu, na wewe utaniambia ukweli wa huko. Si lazima awe mzazi anayelipa ada. Mara nyingi anafaa zaidi kaka, dada, binamu au shangazi asiye na papara. Ahadi hiyo iwekwe mapema, wakati hakuna tatizo, kwa sababu mtu aliyekwisha kuzama hana nguvu ya kuanza mazungumzo kama hayo. Msiba ukitokea, usiumalize peke yako siku hiyo: mwite mtu mkae naye, na mwandikie mhadhiri kuomba muda. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha kazi au mtihani kwa mfiwa, lakini hakuna atakayekuja kukuuliza usiposema.

Fedha nazo huvuruga akili. Kazi za muda zilipofungwa, misaada mingi ya serikali haikumhesabu mgeni. Mpango wa Australia wa kulipia mishahara, kwa mfano, uliwaacha nje wengi wa wenye viza za muda. Ulizia mfuko wa dharura wa chuo mapema, kabla hujafikia hatua ya kuruka mlo. Kuomba hakuna aibu yoyote.

Kuhusu mwili nina machache. Amka saa ileile kila siku hata kama darasa liko usiku, na upate mwanga wa jua asubuhi. Usingizi unategemea huo.

Ukiona kwa wiki mbili hivi huna raha na chochote, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, husomi ukaelewa, na unajiona huna thamani, nenda kwa mshauri nasaha au daktari. Mawazo ya kujiua hayasubiri wiki mbili: piga namba ya dharura ya nchi uliyopo au mwambie aliye karibu nawe saa hiyohiyo. Nawajua waliokataa msaada kwa kuogopa kwamba mfadhili au wazazi wataambiwa. Kwa kawaida mshauri hutunza siri isipokuwa maisha yakiwa hatarini, na una haki ya kumuuliza mipaka ya usiri kabla hujafungua mdomo. Angalia pia kama bima yako inalipia matibabu ya akili. Wala usijione dhaifu: Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga hilo wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa 25%.

Na wewe utakayekuwa mwenyeji baadaye, mwenzako akinyamaza, mgongee mlango. Usimuulize "vipi hali", atakujibu salama. Muulize amekula nini leo, na amelala saa ngapi jana. Majibu yakikutia wasiwasi, msindikize mwenyewe hadi ofisi ya ushauri na umsubiri nje. Kumpa namba tu haitoshi, maana anaweza asipige.