Maswali ya Wasomaji: Uanachama wa Maktaba ya Umma na Kanuni za Kuazima Vitabu

Barua zilizotufikia kuhusu maktaba za umma ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, na zilizo nyingi zinagusa mambo mawili, yaani mdhamini na faini. Mkutubi wetu amejibu hizo kwa urefu na nyingine kwa ufupi. Pale ambapo jibu halikutaja nchi, linazihusu maktaba za umma za Tanzania.

Pole na kazi, mkutubi. Nilikwenda kujiandikisha katika maktaba ya mkoa ninakoishi, nikapewa fomu yenye nafasi ya mdhamini aliyeajiriwa, tena agonge mhuri wa ofisi yake. Mimi ni fundi cherehani, nimehamia mji huu hivi karibuni, na watu ninaofahamiana nao ni mafundi na wachuuzi wenzangu. Ikiwa maktaba ni ya umma, mbona ufunguo wake anao mtu mwenye mhuri?

Ndugu fundi, tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo fomu za namna hiyo huyachanganya machoni mwa mgeni. Kuingia, kuketi na kusoma ndani ya maktaba ni jambo moja, na kwa kawaida kwa hilo hatakiwi mdhamini. Kuondoka na kitabu kwenda nacho nyumbani ni jambo jingine, na hapo ndipo mdhamini anapohusika. Unaweza kuwa msomaji wa kila siku, ukapitia kila rafu iliyo wazi, bila mtu yeyote kukutilia saini.

Sababu ya kumtaka mdhamini ni rahisi kueleza. Kitabu kinachonunuliwa kwa fedha ya umma kinatoka nje mikononi mwa mtu ambaye maktaba inamfahamu kwa picha ndogo na saini tu. Asipoonekana tena, lazima awepo mtu wa kuulizwa, na mtu huyo ndiye aliyekubali kwa maandishi kwamba atasaidia kukitafuta kitabu au atalipa thamani yake. Katika miji ambamo nyumba nyingi hazikuwa na nambari na mpangaji huhama bila kuaga, ofisi ya mwajiri ilikuwa anwani ya kutegemewa zaidi kuliko chumba cha kupanga.

Hata hivyo sitaficha maoni yangu. Sasa kwa kuwa watu wengi wana kitambulisho cha Taifa, na laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, sharti la kwamba mdhamini awe mwajiriwa limepungukiwa na nguvu yake, na madhara yake yanaonekana zaidi kuliko faida: linawaacha nje mafundi, mama lishe, wakulima na vijana waliomaliza shule wakakosa kazi, ambao ndio hasa wasioweza kununua vitabu dukani. Wakutubi wengi wanalijua hilo, na ndiyo maana nakushauri usikubali kurudishwa na fomu peke yake. Omba kumwona mkutubi anayesimamia maktaba hiyo, mweleze hali yako, kisha muulize mambo matatu: kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kiongozi wa dini au mwalimu anaweza kukubaliwa badala ya mwajiriwa, kama mwanachama wa siku nyingi anaweza kumdhamini mwenzake, na kama unaweza kuweka amana ya fedha itakayorudishwa siku utakapofunga uanachama. Akikukatalia yote, andika ombi lako kwa barua na ubaki na nakala. Ombi la mdomo husahaulika, lakini barua ikishapokelewa kwa mhuri inadai jibu.

Neno moja kwa wanaoombwa kudhamini: saini hiyo si ya heshima tu. Soma masharti kabla ya kuandika jina lako, na uliyemdhamini akihama, ijulishe maktaba kwa maandishi.

Tunalipa kodi. Ada ya uanachama ni ya nini tena? — Mlipa kodi

Swali lako lina haki, na halijaanza kwako. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1949, na lile la mwaka 1994, ambalo UNESCO ililitoa pamoja na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, linasema wazi kwamba kimsingi maktaba ya umma iwe ya bure. Neno «kimsingi» ndilo ambalo nchi nyingi zimejibanza nyuma yake. Kwetu, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba ya Tanganyika, jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam likafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ikachukua nafasi ya ile ya awali. Lakini kuwa na sheria na jengo si sawa na kuwa na bajeti ya kununua vitabu vipya kila mwaka. Ada inaziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Binafsi ningefurahi kuona watoto hawatozwi chochote. Kwa mtu mzima, angalia kiwango kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo, lipa hicho tu, na usiondoke bila stakabadhi.

Nilipoteza kitabu nilichoazima. Nimekitafuta madukani nikakipata kwa bei niliyoimudu, lakini maktaba inataka nilipe zaidi ya bei hiyo. Rafiki yangu ananishauri nitoe fotokopi ya kitabu kizima kutoka kwa mwenzangu mwenye nakala, niifunge jalada zuri, niwarudishie. Nifanye lipi?

Usifanye la fotokopi. Kunakili kitabu kizima bila idhini ya mwenye haki kunagongana na sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999, na maktaba ambayo kazi yake ni kutunza kazi za waandishi haiwezi kuweka rafuni nakala ya namna hiyo hata ikiwa imefungwa kwa ngozi ya mamba.

Kuhusu tofauti ya bei, fikiri ni kazi gani hufanywa baina ya siku kitabu kinapotoka dukani na siku kinapowekwa rafuni. Kinaandikwa kwenye daftari la usajili na kupewa nambari yake. Kinasomwa kidogo ili kijulikane kinahusu nini. Kinapangiwa nambari ya mada, ambayo hubandikwa mgongoni. Maelezo yake yanaingizwa kwenye katalogi. Kinapigwa mhuri katika kurasa kadhaa, kinabandikwa karatasi ya tarehe, na pengine kinavalishwa plastiki. Kitabu kikipotea, kazi hiyo yote inarudiwa. Ndiyo sababu maktaba nyingi huongeza gharama za utayarishaji juu ya bei ya kitabu, na haipaswi kukushangaza, ingawa unayo haki ya kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa inayotaja gharama hizo.

Lakini kabla ya kulipa fedha, uliza kama maktaba inakubali kitabu kwa kitabu. Zipo nyingi zinazokubali, na wakutubi wengine wanapendelea hivyo, kwa kuwa fedha inayoingia kwenye akaunti ya jumla si rahisi kurudi ikiwa kitabu kilekile. Ikikubali, nunua toleo lilelile au lililo jipya zaidi, na zingatia mambo ya mwandishi, mchapishaji na lugha. Kitabu cha kiada cha mtaala uliokwishabadilishwa hakitapokewa hata kama jina la jalada halijabadilika. Kikiwa kimeacha kuchapishwa, mara nyingi mkutubi hutaja kitabu kingine cha mada hiyohiyo. Na toa taarifa mapema, mara tu unapotambua kwamba kimepotea, kwa sababu katika taratibu nyingi faini ya ucheleweshaji husimama siku ya taarifa. Anayekaa kimya miezi sita akitumaini kitabu kitajitokeza chini ya kitanda huishia kudaiwa vyote viwili.

Kikionekana baada ya kulipa, kipeleke pamoja na stakabadhi yako. Kurudishiwa fedha kunategemea kanuni za mahali, lakini kitabu chenye mhuri wa maktaba hakiwi mali yako kwa sababu tu ulikilipia, isipokuwa umeandikiwa hivyo.

Mdogo wangu anayeishi Chicago anasema kwao maktaba zimefuta faini. Mimi nadaiwa faini ya kitabu nilichokaa nacho tangu nikiwa chuoni, na kwa kweli naona haya kukirudisha. Kwa nini na sisi tusifute?

Mdogo wako anasema kweli. Maktaba ya umma ya Chicago ilifuta faini za kuchelewesha mwezi Oktoba 2019, Ireland ilikwisha kuzifuta katika maktaba zake za umma mwanzoni mwa mwaka huohuo, na New York ikafuata mwaka 2021. Hoja yao kubwa ndiyo hiyo haya unayoitaja: mwenye uwezo hulipa akaendelea kuazima, lakini mwenye kipato kidogo hukata mguu, na maktaba hupoteza kitabu pamoja na msomaji. Ila mwulize pia ni nini ambacho hakikufutwa. Chicago, kitabu kisichorudi huhesabiwa kuwa kimepotea, na aliyekiazima hudaiwa thamani yake mpaka akirudishe. Kilichofutwa ni tozo ya kuchelewa.

Je, tufanye hivyo? Kwa watoto na wanafunzi ningefuta kesho. Kwa watu wazima ninasita, na sababu yangu ni idadi ya nakala. Maktaba inayomiliki nakala ishirini za riwaya inaweza kumvumilia aliyechelewa. Maktaba ya mkoa yenye nakala moja ya kitabu cha uhasibu, na watu watatu wanaokisubiri kabla ya mitihani ya bodi, haina uvumilivu wa kugawa. Njia ninayoiona kuwa ya haki zaidi ni kusimamisha haki ya kuazima hadi kitabu kirudi, na kuacha fedha nje ya jambo hilo. Hilo linambana tajiri na maskini kwa kipimo kimoja.

Kuhusu kitabu chako, kipeleke wiki hii. Uliza kiwango cha juu cha faini, kwa kuwa mara nyingi kipo, na omba kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo. Kukirudisha bila fedha mkononi ni bora kuliko kukaa nacho ukisubiri fedha, kwani deni la faini hujadiliwa kwa urahisi pale kitabu kinapokuwa mezani. Na safari nyingine, kama muda wa kuazima ambao kwa kawaida ni wiki mbili haukutoshi, omba kuongezewa kabla ya tarehe iliyopigwa mhuri. Ikiwa hakuna anayekisubiri, ni nadra kukataliwa.

Kwa nini baadhi ya vitabu haviruhusiwi kutoka hata kama mtu ana kadi?

Kamusi, ensaiklopidia, atlasi, sheria na ripoti za serikali ni vitabu vya rejea: mtu hahitaji kuvisoma kuanzia jalada hadi jalada, anatafuta jambo moja na kuondoka, na mwingine anakuja na swali lake dakika chache baadaye. Kikikaa nyumbani kwa mmoja kwa wiki mbili, kinawanyima wengi kwa ajili ya dakika kumi za kazi. Fungu la pili ni nakala za hifadhi. Sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao kwenye maktaba ya taifa, na nakala hizo zinatunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, kwa hiyo husomwa chini ya uangalizi na haziazimishwi kamwe. Ukikataliwa kitabu kwa sababu hizi, nakili nambari iliyo mgongoni na urudi kwenye rafu za kuazima: anayetafuta habari za lugha ya Kiswahili atazikuta kwenye 496.392, na fasihi yake kwenye 896.392, katika maktaba yoyote inayofuata mpangilio wa Dewey, yaani ule wa kupanga vitabu kwa nambari za mada.

Mwanangu wa darasa la tatu anaweza kuwa na kadi yake? Na je, naweza kuazima vya kwangu kwa kadi yake?

Anaweza, kwa saini yako kama mzazi au mlezi, na akipoteza kitabu atakayeulizwa ni wewe. Kuhusu la pili, hapana. Kadi haiazimwi wala haikodishwi, hata baina ya mama na mwana, na vitabu vya sehemu ya watu wazima kwa kawaida havitoki kwa kadi ya mtoto. Mwache achague mwenyewe, hata akirudi na kitabu kilekile cha sungura kwa mara ya nne.

Mlinzi wa maktaba alinikataza kuingia na begi na madaftari yangu ya kujisomea. Ni haki?

Begi, ndiyo, liache mapokezi, lakini simu na fedha ingia navyo. Madaftari ni suala gumu kidogo, kwa sababu vyumba vya kusomea hujaa wanafunzi wenye vitini vyao huku aliyekuja kusoma gazeti au kitabu cha maktaba akikosa kiti, na baadhi ya maktaba zimetenga chumba au saa maalumu kwa ajili hiyo. Uliza utaratibu huo. Kalamu na karatasi za kunukuu hazikatazwi kokote ninakokujua, ila kitabu chako binafsi kionyeshe mlangoni unapoingia, usije ukasumbuliwa unapotoka.

Ninahama kutoka Tanga kwenda Mombasa kikazi. Je, kadi yangu itafaa huko?

Haitafaa, maana hizo ni nchi mbili na sheria mbili. Kabla ya kuondoka rudisha ulivyoazima, chukua amana yako kama uliweka, na uombe barua inayothibitisha kwamba hudaiwi, ambayo mkutubi wa uendako anaweza kuizingatia. Kenya ilianzisha huduma yake ya taifa ya maktaba kwa sheria ya mwaka 1965, lakini Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, kwa hiyo viwango na masharti ya kujiunga yaulizie kwenye maktaba ya kaunti yenyewe, huku ukiwa na pasipoti, kibali chako cha kazi na barua ya mwajiri wako mpya.