Masika Yakiisha Mjini, Njia ya Mlima Rungwe Nayo Imekauka?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Uyole. Mimi ni mlezi wa vijana wa ushirika wetu, na tumepanga kupanda Mlima Rungwe na kurudi siku hiyo hiyo katikati ya mwezi wa Mei. Huku kwetu mvua zimekatika, barabara za mtaani zimeanza kutimua vumbi, na vijana wana hamu kubwa. Je, njia ya mlimani itakuwa imekauka? Na je, tuvae gambuti au raba? – Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, vumbi la Uyole lisikupe hakika juu ya Rungwe. Ingawa mlima huo unaonekana kuwa jirani, hali yake ya hewa hutawaliwa zaidi na upepo wenye unyevu unaopanda kutoka Ziwa Nyasa, ukapoa na kumwaga mvua kwenye miteremko ya kusini na kusini-mashariki, ambako mvua ya mwaka mzima hufikia karibu milimita 3,000. Ndiyo maana Tukuyu, mji ulio kusini mwa mlima huo, hunyeshewa Mei wakati Mbeya mjini watu wameshaanza kuanua mahindi, na ndiyo maana ningewashauri msogeze safari yenu hadi mwishoni mwa Juni au Julai.

Hata mvua ikikatika kweli, msitu hauachi maji kwa haraka. Jua halifiki chini ya miti mikubwa, ukungu huendelea kudondosha matone kutoka majanini, na udongo wa majivu ya volkano hushika maji kwa muda mrefu. Mkifika ukingoni mwa msitu, kanyaga njia kwa kisigino kisha uinue mguu: alama ya kiatu ikijaa maji wakati unaitazama, basi fahamu kwamba huko juu, penye mwinuko mkali, hali ni mbaya zaidi. Katika ukanda wa mianzi hatari ni ya namna yake, kwa sababu mianzi iliyoanguka wakati wa masika hulala njiani ikiwa imelowa na kuota ukoga wa kijani, na anayeikanyaga huteleza bila kupata nafasi ya kujishika. Iruke, usiikanyage. Wengi huogopa kupanda, lakini walezi wa vijana wanapaswa kuogopa zaidi kushuka, kwani wakati huo magoti yamechoka, njia imeshavurugwa na miguu ya waliotangulia, na kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani.

Kilele kina kimo cha takriban mita 2,960, na safari ya kwenda na kurudi humaliza kutwa nzima hata njia ikiwa kavu. Kukiwa na tope, mwendo hupungua sana, nalo jua la Mei huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya msitu giza hutangulia. Kwa hiyo anzeni kutembea kunapopambazuka, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba saa saba mchana mtageuka, popote mtakapokuwa. Kijana aliyeloa kwa jasho na ukungu, akiwa na fulana ya pamba tu, hupatwa na baridi ya hatari huko juu, hivyo kila mmoja abebe sweta kavu na koti la mvua, hata kama asubuhi anga ni jeupe.

Kumbukeni pia kwamba Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Fikeni kwanza ofisini kwao kwa ajili ya kibali na mwongozaji, na kuhusu hali ya njia mwulizeni mtu aliyeipita wiki hiyo, si aliyeipita mwaka jana.

Ikiwa tarehe haiwezi kusogezwa, chagueni Mlima Loleza, ulio jirani na mji wa Mbeya na wenye kimo cha takriban mita 2,650. Upande huo hupata mvua chache kuliko Rungwe, na sehemu kubwa ya njia iko wazi juani, kwa hiyo hukauka mapema. Ziwa Ngozi nisingelichagua kwa Mei, kwani kipande cha mwisho kuelekea ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lenye ziwa hilo, ni kikali na kina utelezi mwingi.

Kuhusu viatu, gambuti huzuia maji lakini mguu hucheza ndani yake wakati wa kushuka, na raba zilizolika soli hazifai kabisa. Viatu vyenye soli ya meno marefu, vilivyofungwa kamba hadi juu ya kifundo, ndivyo bora. Kila kijana aje na fimbo yake kutoka nyumbani, kwa kuwa kukata miti ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.