Anti, nikate majani kwa bei gani?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi kijana wa miaka 24 naishi Goba, Dar. Nilinunua mashine ya kufyekea majani Kariakoo, ile ya kuvaa begani, 350,000. Kazi nazipata kabisa, hapa mtaani nachaji 10,000 kwa ua, ila mwezi ukiisha hela siioni. Majuzi mzee mmoja wa Mbezi Beach kanipigia nikamfyekee, kwenye simu nikamtajia 15,000 nikajua hapo nimepandisha, kufika kumbe kiwanja karibu nusu ekari, nimekaa siku nzima, mashine imewaka kama masaa matano, narudi home mfukoni hamna kitu. Wiki iliyofuata kabureta ikaanza kusumbua, fundi anataka 60,000 na sina. Sasa anti nichaji kwa mita, kwa saa au nipige tu kwa macho? – Mfyekaji, Goba

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kununua mashine yako mwenyewe, wengi wa umri wako wanafyeka na mashine ya mtu. Ila hiyo kazi ya Mbezi Beach inabidi tuipigie hesabu kwanza maana jibu lako lote limo humo.

Mashine za aina yako zikifanya kazi bila kupumzika zinakunywa kama lita moja kwa saa, zaidi au pungufu kidogo kutegemea ukubwa wa injini na unavyokanyaga mafuta. Tuseme petroli 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, we weka bei ya mwezi husika, EWURA wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo injini ni ya kuchanganya petroli na oili, na kama kitabu chake kinasema 1 kwa 25 basi kila lita inataka mililita 40 za oili, hapo weka 500. Kamba ya nailoni inayokatika katika ukigonga mawe na kuta, weka 500 nyingine. Tayari ni 4,000 kwa kila saa mashine ikiwaka. Masaa matano ni 20,000. Bodaboda kwenda na kurudi Mbezi Beach na mashine mgongoni, tuseme 8,000. Jumla 28,000. Wewe umepokea 15,000. Yaani mwanangu ulitoa 13,000 yako mfukoni ukamfyekea mzee wa watu, na jasho lako la siku nzima hatujaligusa hata kidogo.

Sasa kabureta. Hapa ndo vijana wengi wanaanguka, unanunua mashine ukishailipia unajiambia ni yangu sidaiwi na mtu. Unadaiwa. Angalia dereva wa bodaboda wa mkataba, jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi awe amepata abiria au hajapata. Ichukulie mashine yako kama huyo bosi, kila saa inayowaka inakudai hesabu yake, na hesabu hiyo haikai mfuko mmoja na hela ya kula. Kwako naona 1,000 kwa saa inatosha kuanzia. Ukifyeka masaa 60 kwa mwezi ni 60,000, miezi sita ni 360,000, bei ya mashine mpya kama ile uliyonunua, na miezi sita inayobaki kwenye mwaka ni ya fundi, plagi, filta na bledi. Ungekuwa unaiweka toka siku ya kwanza huyo fundi angeshalipwa siku ileile. Fungua akaunti ndogo kwenye simu, laini tofauti ikiwezekana, kila kazi ikiisha rusha hela ya mashine humo hata kabla hujanunua soda.

Kwaiyo mashine peke yake ni 5,000 kwa saa. Bado wewe. Unataka kubaki na shilingi ngapi kwa siku? Tuseme 20,000. Usigawanye kwa masaa nane tafadhali! Kwenye siku moja mashine inawaka masaa manne hivi, muda mwingine unaishia njiani, kuchanganya mafuta, kusubiri mlinzi afungue geti, kukusanya majani kwa reki, kumsubiri mwenye nyumba atoke kuoga akulipe. Hayo yote ni kazi na hakuna anayekulipia peke yake. Kwaiyo 20,000 gawanya kwa manne, unapata 5,000. Ongeza ile 5,000 ya mashine. Saa yako moja ya mashine kuwaka ni 10,000, usafiri pembeni.

Rudi sasa Mbezi Beach: masaa matano ni 50,000, jumlisha 8,000 ya boda, 58,000. Na usishtuke, mwenye nusu ekari Mbezi Beach hiyo hela haimtishi kama wewe inavyokutisha, kinachomtisha ni kijana anayekuja leo kesho simu haipatikani. Alafu cheki kitu kingine, bei yako ya 10,000 pale mtaani kwenu wala sio mbaya. Ua wa kiwanja cha 20 kwa 20 ukitoa nyumba, kibaraza na banda la kuku majani yanayobaki ni ya dakika arobaini hivi, na unaenda kwa miguu. Hapo unapata vizuri tu. Shida yako sio bei ndogo, shida ni kwamba umebeba bei ya ua wa jirani ukaipeleka kwenye nusu ekari.

Umeniuliza kwa mita, kwa saa au kwa macho. Mteja mtajie bei ya kazi nzima, namba moja, basi. Ukimwambia kwa saa atakusimamia kila ukikaa kunywa maji, na siku ukiwa mwepesi zaidi unajipunja mwenyewe. Saa ibaki kwenye daftari lako. Ili ujue kazi ni ya masaa mangapi, jipime: chukua eneo la hatua ndefu kumi kwa kumi, kama mita za mraba 100, lifyeke ukiwa na saa mkononi. Nyasi za magotini ukimaliza kwa robo saa maana yake saa moja unamaliza mita 400, na nusu ekari ni kama mita 2,000, ndo hayohayo masaa matano yako. Rudia kipimo kwenye majani ya kiunoni, utakuta muda umezidi mara mbili au zaidi. Ukoka mfupi uliotunzwa ni kitu kingine kabisa na kichaka chenye mbigili, kwaiyo kufyeka mara ya kwanza kuna bei yake na kurudia baada ya wiki mbili kuna bei yake, mwambie mteja zote mbili kabla hujawasha.

Na bei kwenye simu usitaje tena. Omba video ya Watsapu, wapige kuanzia getini wazunguke hadi nyuma ya nyumba maana picha moja huwa wanapiga upande mzuri. Uliza mara ya mwisho kufyekwa ilikuwa lini, kuna mawe au vyuma vya ujenzi vimelala kwenye majani, gari linaweza kutolewa, uchafu unaenda wapi. Mashine inarusha mawe, kioo cha gari kikipasuka utakilipa wewe na kazi kumi zimeondoka, kwaiyo gari litoke na wewe vaa miwani na gambuti. Kubeba uchafu kuna bei yake, guta halibebi bure. Na kazi yoyote inayotaka upande boda iwe na bei ya chini kabisa ambayo hushuki, hata kama majani ni ya dakika kumi, weka 20,000 uone.

SWALI: Habari anti, nipo Morogoro, nina vijana watatu na mashine mbili, tumepata kazi ya kukata majani kwenye shule moja binafsi. Tulikubaliana 200,000 kwa mwezi, wamelipa baada ya wiki sita na wameingiza 190,000. Wamenidhulumu?

JIBU: Salama dada yangu. Hiyo elfu kumi sio dhuluma, ni asilimia 5 ya kodi ya zuio, taasisi ikilipa huduma inaikata na kuipeleka TRA. Dai cheti cha zuio, ni haki yako, maana hiyo kodi inahesabiwa upande wako ukija kukadiriwa kodi ya mwaka. Usipokichukua unaweza kujikuta unalipa mara mbili. Mkataba ujao anza na hela unayotaka iingie mkononi, ukitaka 200,000 kamili gawanya kwa 0.95, unapata kama 210,500, hiyo ndo unaandika kwenye ankara.

Kinachonisumbua mimi ni hizo wiki sita. Vijana wako wanakula kila siku na sheli haikopeshi, kwaiyo umeikopesha shule mafuta na mishahara bila riba. Omba advansi ya mafuta mwanzo wa mwezi, hata theluthi moja, na tarehe ya malipo iandikwe. Wakigoma, pandisha bei, kwa sababu kusubiri hela nako ni gharama kama petroli. Wakigoma vyote viwili mi ningeiacha hiyo kazi, kuna lodge na nyumba za watu wanaolipa siku hiyohiyo.

SWALI: Anti mi niko Mombasa, nafyeka Nyali na Bamburi. Kuna jamaa wa slasha anachukua 500 bob pale mimi nataka 1,500. Wateja wanaenda kwake. Nishushe bei?

JIBU: Usishushe. Slasha yake hainywi petroli, gharama yake ni tupa ya kunolea na chai, kwaiyo kwenye ua mdogo huyo jamaa ni rahisi kweli na atakushinda kila siku, we muachie tu, naye ana watoto. Wewe tafuta pale slasha inapochoka: viwanja vitupu ambavyo mwenyewe yuko ng'ambo, mashule, makanisa na misikiti yenye uwanja, apatimenti zenye keateka anayetaka kazi iishe kabla wapangaji hawajaamka. Pale mwenye slasha anataka siku tatu na wewe unataka asubuhi moja, hapo ndo mashine yako inakulipa. Na bei ya mafuta huko kwenu EPRA wanaitangaza tarehe 14 kila mwezi, ikipanda andika upya bei zako jioni ileile, sio baada ya miezi mitatu ya kuumia.

SWALI: Anti masika nashindwa hata kula kwa kazi, kiangazi nakaa kijiweni. Nifanyeje na bei? – Tegeta

JIBU: Uza mwaka, usiuze siku. Chukua mteja mmoja wa kudumu. Miezi ya masika na vuli, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, anahitaji kama mara mbili kwa mwezi, hiyo ni mara 12. Miezi sita mingine mara moja moja, jumla 18 kwa mwaka. Kama kila mara ni 40,000 unapata 720,000, gawanya kwa 12, mwambie alipe 60,000 kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Yeye anapata ua msafi bila kukutafuta, wewe Agosti una hela ya kodi ya chumba. Ila wale wenye kumwagilia kila siku, wenye bustani za kijani hata kiangazi, usiwaweke kwenye hesabu hii, nyasi zao hazina likizo, hao ni mara mbili kila mwezi mwaka mzima na bei yao ni 80,000. Na iandikwe ni mara ngapi, maana wapo watakaokuita kila wiki kwa sababu tu wameshalipa.

SWALI: Nina mama mmoja nimemkatia kwa bei ileile miaka miwili, naona aibu kumwambia napandisha. – Mbagala

JIBU: Aibu inatokana na kumwambia siku ya kazi, getini, mashine ikiwa begani, hapo hata yeye anajiona amebanwa. Mtumie meseji wiki mbili kabla, fupi, bila kulalamika maisha magumu: "Shikamoo mama. Kuanzia mwezi ujao kukata majani kwako itakuwa 25,000 badala ya 20,000 kwa sababu ya mafuta na spea. Ya mwezi huu inabaki 20,000. Asante kwa kuniamini." Alafu nyamaza, usitume nyingine ya kujieleza. Akijibu kwamba ni nyingi, usipunguze bei, punguza kazi, mwambie kwa 20,000 utakata ua wa mbele na pembeni, wa nyuma aukate mtu wake. Wengi wakisikia hivyo wanalipa hiyo 25,000.